Damu kwenye mswaki: ugonjwa wa fizi unaosafiri na madereva wa masafa marefu

RUSUMO. Alfajiri, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea kuelekea kituo cha pamoja cha mpaka, madereva hushuka na vikombe vya maji. Wanapiga mswaki kando ya matairi, wanatema vumbini, kisha wanatafuta chai. Dereva mmoja wa miaka 46, anayevusha shehena kati ya Dar es Salaam na Kigali kwa mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa akitema povu jekundu kila asubuhi kwa muda ambao hata yeye haukumbuki vizuri. Hakuona ajabu. Baba yake naye alitoka damu kwenye fizi, akapoteza meno ya mbele kabla hajatimiza miaka hamsini, na nyumbani walisema ni umri tu.

Mwaka jana, karibu na Kahama, aling'ata muhindi wa kuchoma na jino lake la chini la mbele likalala. Halikuvunjika wala halikuuma. Lililala kama kigingi kilichochomekwa kwenye udongo uliolowa, na yeye akalisimamisha tena kwa ulimi, akaendelea na safari.

Aliomba jina lake lisiandikwe gazetini, na sababu yake haihusu meno peke yake. Itaeleweka mbele.

Kilichofuata baada ya Kahama ni safari ambayo madereva wengi wa barabara hii wanaijua. Nyakanazi aliingia duka la dawa, akaeleza, akapewa vidonge vya rangi mbili na ushauri wa kusukutua kwa maji ya chumvi. Damu ilipungua, vidonge vikaisha nusu, akaviacha. Wiki tatu baadaye, Kigali, mdomo ukaanza kunuka kiasi kwamba utingo wake alifungua dirisha bila kusema neno. Alikwenda famasi, mhudumu akamwomba cheti cha daktari. Aliona amedharauliwa. Aliporudi upande wa Tanzania alinunua Flagyl bila kuulizwa chochote, akameza siku mbili, akaona nafuu. Hivyo ndivyo alivyojitibu kwa karibu mwaka mzima: nusu dozi hapa, nusu dozi kule, na jino la pili likaanza kucheza.

Sheria za dawa katika nchi zote mbili zinataka dawa za kuua bakteria zitolewe kwa cheti cha daktari. Tofauti iko kwenye usimamizi, na msafiri huijua tofauti hiyo haraka kuliko wakaguzi. Lakini hata kama angepata dozi kamili kila mara, bado asingepona, kwa sababu dawa ya kumeza haifiki vizuri pale ugonjwa ulipojificha.

Ugonjwa huanzia wapi

Kila mdomo una bakteria, wa tajiri na wa maskini, wa anayepiga mswaki mara tatu na wa asiyepiga kabisa. Baada ya kusafisha meno, haipiti muda bakteria hao wanaanza kujipanga upya juu ya jino, hasa kwenye ukingo ambapo jino linakutana na ufizi. Wanatengeneza utando laini, wa rangi ya maziwa, unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Huo ndio ukoga. Ukiachwa, chumvichumvi za kalsiamu na fosfeti zilizomo ndani ya mate huugandisha, na ndani ya siku chache hadi wiki mbili unaanza kuwa mgumu kama ukoko wa chokaa ndani ya birika. Sasa umekuwa ugaga. Mswaki hauutoi tena.

Mwili hauukubali ukoga. Hupeleka damu nyingi na askari wake kwenye ukingo wa ufizi ili kupigana, na ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu ukiguswa kidogo. Hatua hii ya kwanza haina maumivu, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Sehemu nyingine yoyote ya mwili ikitoka damu kila asubuhi, mtu angekimbilia hospitali. Fizi zikitoka damu, mtu hubadilisha dawa ya meno.

Habari njema ni kwamba hatua hii hurudi nyuma kabisa. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari wa meno. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaomba waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Wakaambiwa waanze tena kupiga mswaki na kusafisha katikati ya meno, na katika muda wa karibu wiki moja fizi zao zikarudi zilivyokuwa. Jaribio hilo lilionyesha kwa macho kwamba ukoga ndio chanzo, na kwamba mkono wa mwenye meno unaweza kumaliza tatizo bila sindano wala kidonge.

Baya ni kwamba hatua ya pili hairudi. Uvimbe ukikaa miaka, kwa baadhi ya watu ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Kwa kawaida, daktari akiingiza kijiti chake chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, hakizami zaidi ya milimita 3. Kwenye ugonjwa uliokomaa huzama 5, 6, au zaidi. Ndani ya mfuko huo hakuna mswaki unaofika. Bakteria wa aina nyingine, wanaopenda mahali pasipo na hewa, hustawi humo, na vita vya mwili dhidi yao huanza kula mfupa unaoshikilia jino. Meno huonekana marefu, nafasi hufunguka kati yake, chakula hukwama, harufu haiondoki hata kwa peremende, na siku moja jino zima kabisa, lisilo na tundu hata moja, hulala. Mfupa ulioliwa hauoti tena wenyewe. Tiba huuzuia usiendelee kuliwa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Novemba 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata takriban asilimia 19 ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu bilioni 1.

Walichokikuta Machakos

Kuna jambo moja ambalo sayansi ya fizi duniani ililijifunza hapa kwetu, na ni ajabu kwamba halisimuliwi sana. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kila fizi inayotoka damu, isipotibiwa, mwisho wake ni kung'oka kwa meno. Kwa imani hiyo, Afrika Mashariki, ambako watu wengi hawajawahi kuonana na daktari wa meno, ingepaswa kuwa eneo la vibogoyo.

Katika miaka ya 1980 watafiti kutoka Denmark, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov, walipima vinywa vya watu wazima Tanzania na Kenya. Kazi ya Tanzania ilichapishwa mwaka 1986. Ile ya Kenya, iliyofanywa vijijini Machakos kwa watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65, ilitoka mwaka 1988, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Mkenya Firoze Manji, ambaye wasomaji wengine watamkumbuka zaidi kwa jarida la Pambazuka News kuliko kwa meno. Walikuta ukoga na ugaga karibu kwa kila mtu. Walikuta damu kila mahali. Lakini uharibifu mkubwa wa mfupa haukuwa wa kila mtu. Ulirundikana kwa watu wachache, huku wengi wakiingia uzeeni na sehemu kubwa ya meno yao.

Löe mwenyewe alikuta picha inayofanana kwa wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, waliofuatiliwa kuanzia 1970 hadi 1985 bila huduma yoyote ya meno. Wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Takriban asilimia 8 waliharibika kwa kasi na kupoteza meno mapema, asilimia 81 waliharibika polepole, na asilimia 11 ugonjwa haukuvuka hatua ya kwanza.

Kwa hiyo swali la maana kwa dereva aliyelala foleni Rusumo si kwa nini fizi zake zinatoka damu. Hilo lina jibu rahisi. La maana ni kwa nini yeye yuko kwenye kundi la wachache.

Sukari

Jibu lilipatikana kwa bahati. Jino la pili lilipoanza kutoa usaha, alishindwa kuendesha, akaacha gari kwa utingo kwenye maegesho na kupanda bodaboda hadi hospitali moja mkoani Kagera. Alitaka jino ling'olewe aondoke. Daktari wa kinywa na meno, mwanamke kijana, alimwangalia mdomo mzima, akaona uvimbe usiolingana na kiasi cha ugaga kilichokuwepo, akamuuliza maswali ambayo hayakuwa ya meno. Unaamka usiku kwenda haja ndogo? Mara ngapi? Unakunywa maji kiasi gani barabarani? Umepungua?

Dereva alijibu kwamba kila dereva anakunywa maji mengi, cabin ni joto. Daktari alimtuma maabara achomwe kidole. Sukari yake ilikuwa juu sana.

Kisukari na fizi ni ugonjwa unaokwenda na kurudi kati ya pande mbili. Sukari ikiwa juu kwenye damu, mishipa midogo ya fizi huharibika na kinga hupungua nguvu, hivyo bakteria walewale ambao kwa jirani wangeleta damu kidogo tu, kwake wanakula mfupa. Kwa upande mwingine, fizi zenye usaha ni kidonda kikubwa kisichoonekana, na uvimbe wa muda mrefu wa namna hiyo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha wastani wa sukari yake, kidogo lakini kwa kiasi kinachopimika, ndani ya miezi michache. Kuna pia uhusiano unaoonekana kati ya fizi mbovu na magonjwa ya moyo, ingawa hapo wataalamu wanakuwa waangalifu: vitu viwili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine.

Ndiyo sababu aliomba jina lisiandikwe. Mwajiri wake hajui. Anaogopa kwamba mwenye gari akisikia neno kisukari atampa funguo kijana mwingine, na hajui ataanzia wapi kumweleza kwamba anameza dawa, anapima, na kwamba yuko salama zaidi sasa barabarani kuliko mwaka jana alipokuwa hajijui. Daktari alimshauri amwambie. Bado hajamwambia.

Wapo wengine kwenye kundi la hatari. Sigara inaongoza, na ina hila yake: nikotini hubana mishipa ya damu, ufizi unapauka na hautoki damu sana, kwa hiyo mvutaji hudhani fizi zake ni nzuri wakati mfupa unaondoka chini kwa chini. Akiacha sigara huenda fizi zikaanza kutoka damu, akasema bora nilivyokuwa navuta. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo huuvuta ufizi ushuke pale unapokaa. Wanaoishi na VVU wasiotumia dawa wanaweza kupata fizi zinazokufa kwa haraka na kwa maumivu makali. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo nifedipini na amlodipini, na dawa ya kifafa ya fenitoini, huweza kuotesha fizi zikafunika meno, hasa mahali penye ukoga. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari aliyemwandikia.

Mama mjamzito ana lake. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zijibu ukoga kwa hasira, zikavimba na kutoka damu kuliko kawaida, na wapo wanaoamini kwamba kila mtoto lazima aondoke na jino la mama yake. Si kweli. Mtoto hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama. Kinachotokea ni kwamba mama anaona damu, anaogopa, anapunguza kupiga mswaki, na ukoga unazidi. Kusafishwa meno na daktari wakati wa ujauzito ni salama, na kliniki ya wajawazito ni mahali pazuri pa kuuliza.

Kiseyeye na mambo mengine yanayochanganywa

Lugha nayo ina mchango wake katika mkanganyiko huu. Kwa Kiswahili, fizi zikitoka damu watu wengi husema kiseyeye, na hapo hapo mtu hushauriwa ale machungwa. Kiseyeye chenyewe ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliowamaliza mabaharia wa zamani kwenye safari ndefu, na ambao katika miaka ya 1980 ulionekana tena kwenye kambi za wakimbizi za Pembe ya Afrika, ambako mgao wa chakula haukuwa na tunda wala mboga. Mtu anayekula mchicha, embe, pilipili hoho au nyanya mara kwa mara ni nadra sana kuupata. Machungwa ni mazuri, lakini hayaondoi ukoga. Anayetokwa na damu Busia au Goma leo, kwa sehemu kubwa, tatizo lake ni ukoga, si vitamini.

Neno mswaki nalo lina historia. Kabla ya kuwa kijiti cha plastiki, ulikuwa mti. Mswaki wa asili, unaoota kwenye nchi kavu kama Turkana na Somalia, bado unatumiwa na watu wengi, na waliochunguza wamekuta kwamba anayejua kuutumia anaweza kuzitunza fizi zake sawa na mwenye mswaki wa dukani. Shida ni matumizi. Wengi husugua meno ya mbele tu, yanayoonekana wakicheka, na husugua kwa nguvu hadi ufizi unarudi nyuma. Mkaa na chumvi ya mawe, vinavyosifiwa sana siku hizi kwenye simu, hukwangua jino lenyewe.

Na kuna jambo la watoto wachanga ambalo haliwezi kupita bila kutajwa, kwa kuwa limevuka mipaka ya nchi hizi kwa miongo mingi. Mtoto akiharisha au akipata homa, mganga humfungua mdomo, huona uvimbe mweupe kwenye fizi, na kusema ni meno mabaya: Uganda huitwa ebiino, Tanzania meno ya plastiki. Hukatwa kwa wembe au chuma bila ganzi. Uvimbe ule ni jino la utoto linalojiandaa kutoka. Watoto hupoteza damu, hupata maambukizi, wengine hufa, na aliyepona mara nyingi hubaki na pengo au jino la ukubwani lililoharibika. Mtoto mwenye homa anahitaji matibabu ya homa.

Kiti cha daktari

Dereva wa Rusumo hakung'olewa meno yote mawili. Moja, lile lenye usaha, halikuwa na mfupa tena wa kulishikilia, likatolewa. La Kahama liliachwa lijaribiwe. Kwa siku mbili tofauti, kila moja upande mmoja wa mdomo, alipigwa ganzi na ugaga ukakwanguliwa juu ya fizi na chini yake, mpaka kwenye mizizi. Vipande vilivyotoka vilikuwa vyeusi. Aliomba avione.

Kuna imani iliyoenea kutoka Mombasa hadi Bujumbura kwamba kusafishwa meno hospitali kunayalegeza na kuyatenganisha. Ina chanzo. Mtu mwenye ugaga wa miaka ishirini, ule ugaga wenyewe umeziba nafasi kati ya meno na kuyashika kama saruji. Ukiondolewa, nafasi zinaonekana, uvimbe unapungua na ufizi unashuka, meno yanahisi baridi kwa wiki kadhaa, na mgonjwa anasema yamelegezwa. Yalikuwa yamelegea tayari. Daktari asiyemweleza mgonjwa hili kabla ya kuanza anachangia uvumi huo, na kwenye vituo vyenye foleni ndefu maelezo ndiyo hukatwa kwanza.

Alichofundishwa baada ya hapo kilimchukua muda kukizoea kuliko ganzi. Mswaki uwe laini, si ule mgumu aliouzoea kwa kudhani ugumu ndio usafi. Nywele zake zilazwe kwa mshazari, nusu kwenye jino na nusu kwenye ukingo wa ufizi, kisha zitikiswe taratibu, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, nje na ndani, dakika mbili nzima. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane, kwa sababu mate hupungua mtu akilala na bakteria hufanya kazi bila kusumbuliwa. Dawa ya meno iwe na floridi, na baada ya kutema asisukutue kwa maji mengi. Katikati ya meno, ambako ugonjwa wake ulianzia, apitishe uzi au brashi ndogo ya katikati ya meno, maana vijiti vya kuchokolea vinavyopatikana hotelini vinamchoma na kuacha vibanzi. Mswaki ubadilishwe kila miezi mitatu, au mapema nywele zikilala.

Na pale panapotoka damu asiparuke. Hili ndilo lililomshangaza zaidi. Miaka yote alikuwa akikwepa sehemu zinazotoka damu ili zipone. Daktari alimwambia afanye kinyume: apasafishe zaidi, kwa upole, na damu itakoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, basi chini ya ufizi kuna ugaga na mswaki hautautoa. Mtu yeyote anaweza kujipima hivyo nyumbani bila gharama. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini alipewa ya wiki mbili tu. Ikitumiwa kwa muda mrefu huyatia meno madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula.

Bima iliyoishia darajani

Gharama zake alilipiwa kwa sehemu na bima, kwa kuwa alitibiwa upande wa Tanzania. Angekatiwa ng'ambo ya Mto Kagera, kilomita chache tu kutoka hapo, angetoa fedha mfukoni. Hilo linaweza kuonekana jambo dogo, lakini dereva wa masafa marefu haugui kwa kufuata ramani. Tiba ya fizi haimalizwi siku moja. Inataka kurudi baada ya miezi mitatu, tena na tena, na mtu wa barabara hajui mwezi wa tatu utamkuta wapi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha mwaka 1999, una kifungu cha 118 kinachozungumzia ushirikiano katika afya, pamoja na kuzuia magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka. Mabaraza ya madaktari na madaktari wa meno ya nchi wanachama yamekuwa yakikagua vyuo kwa pamoja ili daktari aliyesomea nchi moja aaminike nyingine. Nairobi na Muhimbili zimekuwa zikifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, Makerere tangu miaka ya 1980, na Rwanda imeanza kufundisha wa kwake katika muongo uliopita. Daktari basi ana njia ya kuvuka, angalau kwenye karatasi. Mgonjwa hana.

Ulinganisho mmoja unatosha. Tangu himaya moja ya forodha ianze mwaka 2014, shehena iliyo nyuma ya dereva huyu hukaguliwa na kulipiwa ushuru kwa taarifa zinazosafiri kwa kompyuta kutoka bandarini hadi Kigali, na ofisa wa Rusumo anaweza kujua kilichomo kabla lori halijafika. Kuhusu mtu aliyeshika usukani, hakuna ofisa wala mganga wa upande wa pili anayejua kwamba ana kisukari, anameza nini, na meno yake yalisafishwa lini. Kumbukumbu hiyo iko kwenye daftari la mazoezi la kurasa 40 ambalo analihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, chini ya kiti, pamoja na leseni.

Vituo vya afya vya kando ya barabara kuu vinavyowahudumia madereva vilianzishwa zaidi kwa ajili ya Ukimwi na magonjwa ya zinaa, na kazi hiyo imekuwa ya maana. Baadhi sasa hupima sukari na shinikizo la damu. Kuangalia fizi hakuhitaji mashine kubwa: taa, kioo kidogo, kijiti cha kupimia, na mhudumu aliyefundishwa aulize maswali yale ambayo daktari wa Kagera aliuliza. Fizi ziko mlangoni kabisa mwa mwili, na mara nyingine zinasema habari za kisukari kabla maabara haijasema.

Miezi mitatu baada ya matibabu dereva alirudi kupimwa. Mfuko uliokuwa na milimita 7 kwenye jino la Kahama ulikuwa umefika 5, na jino lilikuwa bado linacheza, lakini halilali. Sukari yake ilikuwa imeshuka, ingawa si mpaka pale daktari anapotaka. Alikiri kwamba soda ya kuongeza nguvu anakunywa bado, moja badala ya tatu, kwenye kipande cha usiku kati ya Singida na Nzega.

Mswaki sasa unakaa kwenye kibanio cha kioo cha mbele, unaonekana. Utingo, kijana wa miaka 23, alianza kwa kumcheka. Kisha asubuhi moja maegeshoni alitema, akaangalia chini kwa muda, akafuta povu kwa kiatu. Dereva alimwona. Walipofika Kahama alimnunulia mswaki laini na kumwambia, "Dogo, piga hapo hapo panapotoka."

Miadi inayofuata ilipangwa Jumanne. Siku hiyo gari lilikuwa linashusha mzigo Kigali, na ilibidi apige simu kuomba tarehe nyingine.